Hesabu ya Kichwamoto

Shemeji Ermes, umenitaka hesabu. Haya, keti,
sogeza hiyo chupa ya divai,
nitaandika nyuma ya kalenda ya benki,
benki ileile iliyokataa kunikopesha.

Euro elfu kumi na nane na mia tano.
Usinikodolee macho. Nimeitaja kwa sauti,
hata Nives ameisikia huko jikoni.

Wasema Landini kama hilo, la mwaka hamsini na mbili,
lilikuwamo bandani mwa Bertolani kwa elfu nne,
pamoja na kutu yake na viota vya kuku.
Ni kweli. Rahisi huvunja upishi,
lakini sikutajii methali, nakutajia banda lako.
Miaka tisa sasa pistoni yako inaoga dizeli
katika beseni aliloogeshewa binti yako,
na binti yako sasa ana mtoto.
Vipande vingine vimo katika ndoo saba,
ya nane huenda uliitupa.
Boliti umezilipia mara mbili, kisha mara ya tatu.
Umejumlisha lini?

Mimi nimejumlisha. Fundi Vanes wa Luzzara
alinipa daftari lenye alama nyeusi za vidole vyake:
vipuri na matairi, elfu sita na mia tano;
kupigwa mchanga na kupakwa rangi, elfu moja na mia tisa.
Kilichobaki, kigawe kwa saa zake mia nne na kumi,
hakifiki ishirini na tano kwa saa.
Yule aliyezibua choo chako wakati wa Pasaka
alichukua ngapi?

Lakini hesabu ikinyooka mno nami huitilia shaka.
Nikiliuza kesho sipati hata theluthi mbili.
Bei ilianguka pale nilipokabidhiwa ufunguo,
na lenyewe halina hata ufunguo.

Wala usinisingizie marehemu baba.
Baba alilichukia. Mwaka wa sitini na tatu
aliliuza kwa kilo, chuma chakavu,
akaleta jipya la kuwashwa kwa kubonyeza,
akacheza uani na koti lake la kanisani.
Angeniona leo angesema:
mwanangu analipa kurudishiwa nilichoshukuru kuondokewa nacho.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Je, cha zamani kilichofanywa kipya?
Linang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani,
na hilo ndilo linalonikera.
Vanes amelisawazisha kila kovu.
Ni kama uso wa mzee ulionyooshwa:
unausalimia, hujui umemsalimu nani.

Jumamosi nililipasha kichwa kwa taa ya moto,
dakika kumi, nikasukuma gurudumu. Kimya.
Dakika kumi na tano. Likakohoa, likanitupa mkono.
Mama akatoka na mkongojo wake,
miaka tisini na mmoja, sikio la kushoto limekufa tangu enzi zile,
maana kumbe yeye ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri kulipasha,
baba akinywa kahawa.
Sikulijua hilo. Miaka yote nimesimulia habari za baba.

Akalizunguka. "Hili si letu.
Letu lilikuwa na bonde pale fahali alipolipiga."
Kisha: "Wewe walipasha kama wakaanga yai.
Teremsha moto. Ngoja liwe na rangi ya cheri."

Tukangoja.

Tu.
Tu. Tu.
Tu-tu, tu-tu, vikombe vikacheza kabatini,
mbwa wa jirani akasahau kubweka.
Mama akageuza sikio lake lililokufa
upande wa bomba la moshi,
akabaki hapo.

Sasa uliza tena kama ilistahili,
uandike utakacho kwenye kalenda yako.
Jana nikitoka langoni nililikwaruza,
ubavu wa kulia, mchubuko wa urefu wa kidole.
Vanes alinipa kopo dogo la rangi kwa ajali kama hizo,
limo ndani ya bei.
Liko rafuni.
Sijalifungua.